JOGOO WA SHAMBA KWENYE SIMU: JINSI UKURASA WA WAVUTI UNAVYOTAMBUA UKUBWA WA SKRINI

Mwaka huu nimeamua kuiacha kando insha ya methali na ile ya mdokezo, mambo ambayo wenzangu wanayaweza kunishinda. Nimeonelea niwaeleze jambo tunalokutana nalo kila siku mikononi mwetu bila kulitia maanani. Jambo lenyewe ni hili: ukurasa wa wavuti hujuaje kwamba umefunguliwa kwenye simu ndogo wala si kwenye tarakilishi kubwa? Na ukikosa kujua, ni nani anayeumia?

Najua kuna mmoja wenu anayejiuliza, "Kwani mambo hayo yanahusu nini Chama cha Kiswahili?" Yanakihusu sana. Hapo mbele nitaonyesha kwamba lugha yetu hii hii tunayoienzi huvuruga kurasa zilizopimwa kwa maneno ya Kiingereza. Tulia, msomaji. Haba na haba hujaza kibaba.

UKURASA MMOJA, SKRINI NYINGI

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Jioni nikishafika nyumbani hapa Kitengela, baba hunipa simu yake kwa muda, na Jumamosi huenda saiba nikiwa na shilingi chache mfukoni. Kwa hivyo nimezoea kuuona ukurasa uleule katika skrini mbili tofauti. Siku moja niliamua kupima. Simu ya baba ilikuwa na upana wa pikseli 360, ya kaka 393, nayo tarakilishi ya saiba 1366. Ukilinganisha utaona kwamba tarakilishi ile ina upana wa karibu simu nne za baba zilizopangwa bega kwa bega.

Hapa kuna jambo la kufafanua. Pikseli ni vile vinukta vidogo vya nuru vinavyounda picha kwenye skrini. Karatasi ya dukani inaweza kusema kwamba simu ina vinukta 720 kwa upana, na hilo ni kweli. Lakini vinukta hivyo ni vidogo mno, hivyo kivinjari huvihesabu viwili viwili kama kimoja. Basi 720 gawanya kwa 2 unapata 360. Hiyo 360 ndiyo hesabu anayoitumia mtengenezaji wa ukurasa, na ndiyo nitakayoitumia katika makala haya.

Sasa fikiria ukurasa uliopangwa kwa upana wa 1366: menyu kushoto, habari katikati, matangazo kulia. Ukiulazimisha kuingia kwenye 360 bila kuubadilisha, mambo mawili huweza kutokea. Ama kila kitu kinapunguzwa hadi herufi zinakuwa kama sisimizi, ama nusu ya ukurasa inabaki nje ya skrini. Jogoo wa shamba hawiki mjini, wahenga walisema. Nami naongeza kwamba ukurasa wa tarakilishi hauwiki kwenye simu.

MAMBO YALIANZAJE?

Kurasa za kwanza za wavuti zilisomwa kwenye tarakilishi tu. Mwaka 1994 Bwana Håkon Wium Lie alipendekeza lugha ya CSS, ambayo kazi yake ni kuueleza ukurasa uvae vipi: rangi gani, herufi za ukubwa gani, na kila kitu kikae wapi. Toleo lake la kwanza lilikamilika mwaka 1996. Mwaka 1995 ilizaliwa JavaScript, kazi ya Bwana Brendan Eich, ambayo huufanya ukurasa utende: kubofya, kufungua menyu, kuhesabu na kadhalika. Kwa ufupi, CSS ni mavazi na JavaScript ni misuli.

Kisha mwaka 2007 ikaja iPhone. Kwa kuwa kurasa nyingi wakati huo zilipangwa kwa skrini kubwa, simu ile ilijifanya ina upana wa pikseli 980, ikauchora ukurasa wote, halafu ikaupunguza uenee. Simu za leo bado hufanya vivyo hivyo zikikosa kuambiwa vingine. Piga hesabu nami: 360 gawanya kwa 980 ni kama 0.37. Herufi ya pikseli 16, ambayo ndiyo ya kawaida, hubaki kama pikseli 6. Nani ataisoma hiyo bila kukunja uso? Dawa yake ni mstari mmoja tu, unaoitwa viewport, unaowekwa juu kabisa katika msimbo wa ukurasa. Mstari huo huiambia simu, "Usijifanye mkubwa, tumia upana wako halisi."

Katika miaka hiyo kampuni nyingi zilitengeneza tovuti mbili, moja ya tarakilishi na nyingine ya simu. Ukurasa uliuliza jina la kifaa, kisha ukaamua. Ubaya wa njia hii ni kwamba majina hayaishi. Kila mwezi simu mpya huingia sokoni, na jina halikuelezi upana. Ni sawa na utingo anayekisia idadi ya viti kwa kusoma jina lililochorwa ubavuni mwa matatu. Si afadhali aingie ndani avihesabu?

Ndipo mnamo Mei 2010 Bwana Ethan Marcotte wa Marekani akaandika makala akisema tutengeneze ukurasa mmoja tu, nao ujirekebishe kulingana na nafasi unayoipata. Chombo kikuu cha kazi hiyo ni amri ya CSS inayoitwa @media, ambayo uwezo wake wa kuuliza upana ulifanywa sanifu rasmi mwaka 2012. Amri hiyo haiulizi jina la simu. Inauliza upana.

MPAKA NI NINI?

Mafundi wa wavuti wana neno lao, brekipointi. Mimi napendekeza hapa chamani tuliite mpaka, na nitaeleza sababu.

Sisi wa kaunti ya Kajiado tunaujua mpaka vizuri kwa sababu tunao wetu kule Namanga. Ukiishika barabara kutoka hapa Kitengela, ukapita Isinya, Kajiado mjini na Bissil, unafika Namanga. Ukiwa upande huu unatumia shilingi ya Kenya na sheria za Kenya. Ukivuka hatua chache, shilingi ni nyingine na sheria ni nyingine. Watu ni walewale na mbuzi ni walewale, ila kanuni zimebadilika.

Brekipointi ni hivyo hivyo. Mtengenezaji husema: kuanzia pikseli 768 kwenda juu, panga habari katika safu tatu, chini ya hapo, panga safu moja. Hiyo 768 ndiyo mpaka. Habari ni zilezile, mpangilio ndio unaobadilika. Bootstrap, mkoba wa misimbo ulioanzishwa na Mark Otto na Jacob Thornton walipokuwa wakifanya kazi Twitter, ukatolewa kwa umma mwaka 2011, una mipaka mitano katika toleo lake la 5: 576, 768, 992, 1200 na 1400. Tovuti nyingi sana huiazima mipaka hiyo jinsi ilivyo.

Na mpaka hauangalii kifaa, unaangalia upana tu. Simu ya baba ikisimama ina 360. Ukiilaza ubavu inapata karibu 800, yaani imevuka 768 na kuingia nchi ya tarakilishi! Simu ni ileile, mkono ndio umegeuka.

KITUFE KILICHOPOTEA

Hebu niwape mfano wa hasara. Mwaka jana shangazi yangu alikuwa akimjazia bintiye fomu ya msaada wa karo kwenye tovuti ya taasisi moja ambayo sitaitaja. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho, na fomu ilikuwa ifungwe saa sita usiku. Alijaza kila kitu: jina, shule, nambari ya kitambulisho, matokeo. Alipofika mwisho hakuona pa kubonyeza ili aitume. Alishusha, akapandisha, wapi! Saiba zilikuwa zimefungwa. Akanipigia simu, kisha akaja mlangoni kwetu na simu mkononi.

"Hebu wewe wa kusoma, niangalizie hii kitu," akaniambia. "Nimeanza tangu saa moja."

"Shangazi, hebu ilaze simu hivi," nikamjibu.

Akailaza. Kitufe cha kutuma kikajitokeza upande wa kulia kana kwamba kilikuwa kimejificha nyuma ya mlango. Fomu ikaenda.

Jumamosi nilifungua ukurasa uleule kule saiba. Nikabonyeza F12, ambayo hufungua vifaa vya mafundi ndani ya kivinjari, nikachagua sehemu ya kuigiza simu, nikaanza kupunguza upana polepole. Kwenye 500 kitufe kilikuwapo. Kwenye 450 kilikuwapo. Kilipokaribia 400 kikaanza kuingia ukingoni, na kwenye 360 hakikuonekana kabisa. Aliyeutengeneza alikuwa ameupangia mpaka mmoja tu, kisha akauzuia ukurasa usisogee kando. Bila shaka uliwika vizuri mbele ya skrini yake yeye.

Msomaji, usiseme hilo ni jambo dogo. Siku hizi huduma za serikali zinaombwa kwenye eCitizen, iliyoanza mwaka 2014. Ukimaliza Kidato cha Nne utachagua kozi ya chuo kupitia tovuti ya KUCCPS, na mkopo wa masomo utauomba HELB kwa tovuti pia. Mwenye tarakilishi nyumbani hajui kama kitufe kinaweza kupotea. Anayejua ni yule mwenye simu ya bei nafuu, naye ndiye anayehitaji karo kuliko wote.

UKURASA HUTAMBUAJE KWAMBA MPAKA UMEVUKWA?

Sasa tufike jikoni. Mavazi yana njia yake ya kutambua, nayo ni ile amri ya @media ikifuatwa na sharti kama min-width: 768px, maana yake "upana usiopungua 768". Kivinjari chenyewe huangalia na kubadilisha. Lakini misuli, yaani JavaScript, nayo huhitaji kujua tuko upande gani wa mpaka. Mathalani, upande wa simu menyu hujificha nyuma ya vile vistari vitatu, na upande wa tarakilishi huwa wazi. Basi JavaScript inajuaje? Ninazijua njia tatu.

Njia ya kwanza ni kupima. Msimbo huuliza upana wa dirisha, hupata nambari, kisha huilinganisha na 768. Tena husikiliza tukio liitwalo resize, linalotokea kila dirisha linapobadilika ukubwa. Njia hii ni rahisi lakini ina kasoro mbili. Kwanza, ukilivuta dirisha kwa panya tukio hilo hutokea tena na tena, na simu au tarakilishi dhaifu huanza kukwama. Ni kama abiria anayemuuliza dereva kila mita mia, "Tumefika Namanga? Tumefika Namanga?"

Kasoro ya pili ni mbaya zaidi. Upana una vipimo viwili. Kimoja, innerWidth, huhesabu pamoja na ule upau wa pembeni wa kupandishia na kushushia ukurasa. Kingine, clientWidth, hauuhesabu. Katika tarakilishi nyingi upau huo huchukua pikseli 15 hadi 17. CSS hupima pamoja na upau. Sasa chukua dirisha la 775. CSS inaona 775, inasema, "Hii ni tarakilishi, ondoa vistari vitatu." JavaScript ikitumia clientWidth inatoa 17, inapata 758, nayo inasema, "Hii ni simu, ficha menyu." Vistari vitatu hakuna, menyu hakuna! Mtumiaji anabaki kama mtu aliyesimama katikati ya mpaka asiyetakiwa na nchi yoyote.

Njia ya pili ni kuuliza kwa kutumia matchMedia. Hapa JavaScript haipimi chochote. Inachukua sharti lilelile la CSS na kumuuliza kivinjari, "Je, sharti hili limetimia?" Jibu ni ndiyo au la. Kwa kuwa anayejibu ni yuleyule anayevalisha ukurasa, hawawezi kupingana. Isitoshe, unaweza kukiambia kivinjari kikuarifu pale tu mpaka unapovukwa, si kila hatua njiani. Abiria amelala usingizi, dereva atamwamsha Namanga.

Njia ya tatu ni CSS iandike, JavaScript isome. Katika kila mpaka CSS huandika neno, mathalani "ndogo", "wastani" au "kubwa", katika mahali maalumu ndani ya ukurasa. JavaScript ikitaka kujua husoma neno hilo kwa getComputedStyle. Uzuri wake ni kwamba nambari ya mpaka imeandikwa mahali pamoja tu. Siku mtengenezaji akiihamisha kutoka 768 hadi 700, hana haja ya kukumbuka kuibadilisha kwingine. Katika njia ya pili nambari inaweza kuandikwa mara mbili, na kinachoandikwa mara mbili siku moja hutofautiana.

Hapa tena Namanga inatufunza. Zamani msafiri alikaguliwa upande wa Kenya, akavuka, akapanga foleni nyingine upande wa Tanzania. Mwaka 2018 kilifunguliwa rasmi kituo cha pamoja, ambapo maafisa wa nchi zote mbili huhudumu pamoja na msafiri humaliza yote mahali pamoja. CSS na JavaScript nazo zikikaguliwa mahali pamoja, foleni hupungua na ugomvi huisha.

Kuna pia ufa mdogo wa kuziba. Ukisema kanuni za simu ziishie 767 na za tarakilishi zianze 768, unadhani hakuna kilichobaki katikati. La hasha! Kivinjari kikikuzwa au kupunguzwa, upana unaweza kuwa 767.5, na hapo hakuna kanuni inayoshika. Ndiyo maana Bootstrap huandika 767.98. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KISWAHILI KINAPOVUKA MPAKA

Nimefika mahali nilipoahidi. Mipaka ile mitano ya kuazima haikuwekwa na mtu aliyewaza Kiswahili. Kitufe kilichoandikwa Home kina herufi 4. Kwa Kiswahili ni Nyumbani, herufi 8, mara mbili kamili. Save ina 4, Hifadhi ina 7. Submit ina 6, Wasilisha ina 9. Menyu ya maneno sita ya Kiingereza ikitoshea kwa shida kwenye 768, ya Kiswahili itajikunja mistari miwili au itamwagika nje. Matokeo yake ni nini? Mwenye tovuti akiona menyu imeharibika husema, "Ondoa Kiswahili, kinavuruga." Kumbe kosa si la Kiswahili, ni la mpaka uliowekwa pasipostahili!

Kwa hiyo kanuni nzuri ni hii: usianze na orodha ya simu zilizoko dukani, anza na maneno yako. Andika ukurasa kwa Kiswahili, upunguze polepole, na pale maneno yanapoanza kubanana ndipo weka mpaka, hata kama ni 830. Tangu Februari 2023 vivinjari vyote vikuu vinaweza hata zaidi ya hapo: kisanduku kimoja ndani ya ukurasa hupima nafasi ya chombo kilichokibeba, wala si ya skrini nzima. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Tusiwasahau wasioona vizuri. Bibi akikuza ukurasa mara mbili kwenye ile tarakilishi ya 1366, kivinjari huuhesabu kama una upana wa 683, nao huvaa mavazi ya simu. Hilo ni jema, kwani maneno yanabaki ndani ya skrini. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018, uitwao WCAG 2.1, hutaka ukurasa usomeke hata kwenye upana wa 320 bila kulazimika kusogeza kushoto na kulia. Na wenye kabambe, hizi simu za mulika mwizi? Wao hutegemea zile huduma za nyota na reli, ambapo ujumbe mmoja hauzidi herufi 182. Hakuna safu, hakuna picha, hakuna kitufe cha kupotea. Wakati mwingine udogo ni heri.

MAMBO YA KUFANYA

Ewe mwanafunzi mwenzangu, ukipata nafasi ya tarakilishi jaribu haya. Fungua tovuti yoyote unayoipenda, bonyeza F12, uigize simu, na upunguze upana kutoka 1400 hadi 320 taratibu. Andika kila nambari ambapo mpangilio unageuka. Hiyo ndiyo mipaka yake, na umeigundua bila kusoma hata mstari mmoja wa msimbo. Kisha tazama kama kuna kitufe kinachopotea. Ukikipata, waandikie wenye tovuti, uwaambie ni kwenye upana gani. Ukiwaambia "tovuti yenu mbaya" hawatakusikia. Ukiwaambia "kitufe cha kutuma hakionekani chini ya 400" watajua pa kushika.

Nanyi mtakaokuwa mafundi wa tovuti, na najua mko humu chamani, ombi langu ni moja. Kabla hujasema kazi imekwisha, azima simu ya bei nafuu kuliko zote katika mtaa wenu, ujaze fomu yako mwenyewe hadi mwisho, kwa Kiswahili. Ikifika salama, hapo umemaliza.

Kalamu yangu inakomea hapo. Mwenye swali anipate chamani siku ya mkutano, nami nitamjibu kadiri niwezavyo. Kiswahili kitukuzwe, kwenye skrini ndogo na kubwa!